Kamba Aliyopewa Veronika

Harufu ya petroli iliyochanganywa na oili, pamoja na unga wa mti uliokatwa asubuhi ile ile, ndiyo iliyokuwa harufu ya baba yangu. Wenzangu pale Mocímboa da Praia, pwani ya Msumbiji, baba zao walinuka samaki au tumbaku. Wangu alinuka motoserra, ule msumeno wa injini aliokuwa akitembea nao begani mitaani. Watu walimwita Bakari wa Miti. Mti ukiinamia paa la mtu kabla ya mvua kubwa, au tawi la mwarobaini likianza kukwaruza mabati, aliitwa yeye. Wapo waliokata miti kwa kuiangusha tu na kuomba Mungu iangukie upande mzuri. Baba alipanda mpaka juu, akajifunga ukanda, akaushusha mti kipande kwa kipande, na wenye nyumba walipotoka walikuta paa lao zima na jua limejaa uani. Nilijivuna naye kupita kiasi. Wadogo zangu walikuwa bado wanatambaa, mama alikuwa na mihogo yake shambani, kwa hiyo nilijihesabu kuwa mimi ndiye mwenye baba, na wengine wote ni wageni wake tu.

Kazi yangu ilikuwa kuitunza ile motoserra. Alasiri tulitandika gunia barazani, baba akaifungua, nami nikapewa mswaki wa zamani na kikopo cha petroli. Nilisugua chujio la hewa mpaka likawa jeupe, nikachokonoa unga uliogandamana na oili kwenye mfereji wa lile bapa la chuma ambalo mnyororo hulizunguka, kisha nikachukua tupa na kunoa meno, moja moja, nikisukuma kwenda mbele tu bila kurudisha. Ukirudisha tupa unaliua jino, na jino moja likiwa fupi kuliko wenzake msumeno mzima unakata upande, unamyumbisha aliye juu. Baba alipitisha kidole, akauvuta mnyororo kuona kama umekaza sana au umelegea, akasema, “Hapo sawa, mwanangu.” Basi mimi hapo, wallahi, hata pilau la Idi ningeliacha nikae nisikie neno hilo tena.

Lakini kazi niliyoitamani haikuwa hiyo. Chini ya kila mti alioupanda baba alisimama mtu wa kamba. Baba akiwa juu alilifunga tawi kabla ya kulikata, akapitisha kamba kwenye panda ya mti na kuishusha, na yule wa chini akaizungusha kwenye shina na kuishika. Tawi likikatika, yeye ndiye aliyelilegezea polepole, kama anayeshusha ndoo kisimani, lisivunje paa wala lisimwangukie mtu. Waliongea kwa miluzi. Baba akiwa kazini hakuwa na habari na mtu mwingine duniani, isipokuwa huyo. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa kijana mmoja wa mtaani kwetu, mpaka mwaka ule alipopata mkataba Afungi, ndani ya uzio wa mradi wa gesi, akapewa kofia ngumu na chakula cha mchana, akatuaga. Nilishangilia kimoyomoyo. Nilikuwa nimeshajua miluzi yote, nimeshajua kuizungusha kamba, nimefanya mazoezi kwenye nguzo ya jiko mpaka mama akanifukuza. Nani mwingine angepewa kama si mimi?

Akapewa Veronika. Huyu alikuwa binti wa rafiki wa baba, mkulima wa kule juu Mueda, aliyeletwa kukaa kwetu ili asome. Alikuja na mfuko wake wa karanga na rozari shingoni, msichana mkimya, kanizidi kichwa kizima kwa urefu, ana mabega ya mtu anayejua jembe. Siku ya pili tu alishaanza kumwita baba yangu “baba”. Baba! Baba wa nani? Nilimvumilia kwenye mkeka wangu, nilimvumilia kwenye sahani moja, nikamwonyesha hata njia ya escola, shule yetu. Kisha jioni moja, tunakula, baba akasema kama anayetaja hali ya hewa, “Kesho Veronika atanishikia kamba.” Nikauliza, “Na mimi?” Akanijibu bila kuinua macho, “Wewe una motoserra yako.” Mama akanigusa goti. “Kula, Zuhura.” Sikula. Tonge nililirudisha sahanini.

Sijui kama umewahi kuona wivu wa kweli. Mimi ninaujua mpaka ladha yake. Msimu ule mzima, kila siku isiyo ya shule, waliondoka pamoja asubuhi, yeye kajitwika kamba kichwani kama malkia na kilemba chake, na waliporudi walikuwa na mazungumzo yao: tawi lile lilivyokataa kushuka, mbwa wa mwenye nyumba alivyokimbia. Walicheka. Nilikaa na tupa yangu nikinoa meno ambayo mwingine angeyasikiliza yakifanya kazi. Veronika alipojaribu kuninunua kwa karanga nilimwambia nina meno mabovu. Hata miluzi walibadilisha wakawa na ya kwao! Nikimsikia akipiga mluzi msalani huko nilitamani ardhi immeze, Mungu anisamehe, yeye na mluzi wake.

Sasa ile kamba. Babu yangu alikuwa mkwezi wa minazi, na kamba zake za usumba alizitundika juu ya jiko zipate moshi, ukungu usizishike na mdudu asizisogelee. Kwetu moshi ndio daktari wa kila kitu. Mbegu tunaiweka kwenye moshi, samaki kwenye moshi, hata mpini mpya wa shoka. Baba alipopata kamba ya nailoni, ya buluu, imetoka bandarini, aliitundika palepale alipotundika baba yake. Tulimwona sote, tukaona kafanya jambo la heshima. Hakuna aliyejua kwamba nailoni haitaki joto. Inakauka ndani kimyakimya, juu inang’aa tu. Mimi kamba hiyo sikuruhusiwa kuigusa, ilikuwa na mwenyewe.

Ikakatika mtaa wa karibu na bandari, kwenye mti mmoja mnene wa mkungu uliokuwa umelalia nyumba ya mfanyabiashara. Mimi sikuwepo, nilikuwa nyumbani nimenuna kama kawaida yangu. Niliona tu watu wanaingia uani na baba mbele, kambeba Veronika mikononi, mtu mzima analia machozi. Kamba ilikuwa imekatika tawi likiwa hewani, likaja kwa kuzunguka, likampata begani na kumvunja. Namshukuru Mungu halikumpata kichwani. Hospitali walimfunga mkono, na nyumbani kwetu ikaanza sherehe ya ugonjwa: kuku wa mama aliyekuwa anataga akachinjwa kwa ajili ya mchuzi wake, mto wa baba ukahamishiwa kichwani kwake, na baba mwenyewe, ambaye sijawahi kumwona akishika mwiko, akawa anamkorogea uji. Mwenzangu, niliuonea wivu hata ule mfupa uliovunjika. Kamba baba akaikata vipandevipande, vya kufungia mbuzi. Msimu uliofuata akaajiri mtu mzima kutoka Quiterajo, na mimi nikabaki na tupa yangu. Wala hakuniambia kwa nini.

Miaka ikapita, ikapita vibaya, vita vikaingia, tukakimbia mji, tukarudi, baba akarudi mgonjwa. Mwaka huu tumemzika. Veronika alikuja kwenye hitima, yeye na rozari yake ndani ya kanga, akakaa nasi uani tukichagua mchele. Siku hizi yeye ndiye fundi. Anakata miti chini ya nyaya za umeme, ana wanaume wanaomsikiliza, ana kapasete, ile kofia ngumu, ana miwani, mikanda ya kiunoni na mapajani, na kamba zake zinalala kwenye mifuko mbali na jua. Zikifika umri wake zinatupwa hata kama zinaonekana nzima. Hakuna anayetundika kitu jikoni. Motoserra yake nyepesi, haina hata kelele za ile yetu, na ningeweza kuinoa nimefumba macho. Mimi nina cherehani na wateja wa sare za shule. Nikavitazama vidole vyake kwenye ungo, kijicho kile kile kikanipanda, kama sijakua, nikamwambia, “Mana, dada yangu, wewe ulimpata baba kuliko mimi.”

Akaacha kuchagua. “Zuhura, hujui? Mkata miti hamweki mwanawe chini ya mti. Akimwona pale mkono unatetemeka. Aliniambia siku ya kwanza, tukiwa njiani.”

“Mbona hukuniambia? Miaka yote hii?”

“Ningekuambiaje? Ulikuwa na baba, una mama, una nyumba. Ile kamba ndiyo kitu pekee ulichonionea wivu.” Akaushika ungo kwa mkono wa upande usiovunjika. “Na tawi lilipokuja, alipiga kelele kutoka juu. Mimi ndiye niliyekuwa chini, lakini aliita Zuhura.”

Nilidhani ningefurahi. Nililia, wanawake wakadhani ni msiba, wakanipa maji. Leo kuna mafundi wenye mikanda na vyeti, na hilo ni jema, sitaki mtoto wa mtu yeyote asimame chini ya tawi tena. Lakini siku ile, juu ya mkungu, baba yangu aliliita jina langu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia maishani, wala sitaisikia. Aliyeisikia ni Veronika.