Mwezi wa Amour

Amour bin Msabah alikuwa fundi wa kofia, na mtaa wake wote pale Mji Mkongwe ulilijua jicho lake. Mtu anayeshona vitundu vidogo kama vile ashindwe kuuona mwezi? Miaka nenda miaka rudi Sheikh Muhiddin, imamu wa msikiti wao, alitangaza Ramadhani kwa neno la Amour peke yake, maana mwezi wa kufunga shahidi mmoja anatosha.

Basi yakaja yale ya mwaka sitini na nne. Amour akapoteza ndugu zake wawili kwa siku moja, akili ikamhama, akawa anazungumza na kuta. Alilazwa hospitali ya wagonjwa wa akili miezi saba, akapona. Lakini binadamu hawana jema! Mtu akitokwa na homa haitwi Homa. Yeye alirudi akakuta keshapewa jina: Amour Wazimu. Kofia zake zilikuwa zile zile, na wateja wakawa wanazigeuzageuza kutafuta mshono uliopotoka. Shemeji yake, Thuwaini, alisema waziwazi kwamba siku Amour akianza tena atarudishwa hospitali, na mkewe Jokha, dada yake Thuwaini, atarudi kwao.

Mwaka wa sitini na nane, jioni ya ishirini na tisa Shaabani, Amour akapanda juu ya paa, akauona. Ulikuwa mwembamba, ukakaa kidogo tu, ukazama. Akashuka mbio hadi msikitini, moyo umemjaa furaha, maana leo angekuwa Amour tena.

Sheikh alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamshika bega.

"Bwana Amour, wewe ndugu yetu. Lakini shahidi wa mwezi sharti awe mzima wa akili."

Watu wakatazama chini. Wengine wakacheka.

Kesho yake mji ukaamka na chai yake. Amour alikuwa kafunga, kwani aliyeuona kwa macho yake imemlazimu, hata dunia nzima ikila. Barazani akakataa kahawa, na pale pale maneno yakatembea: Amour kafunga peke yake, yamemrudia. Kabla ya adhuhuri Thuwaini alishafika, kakaa ukumbini.

Jokha akaleta sahani ya muhogo na samaki. Alimwamini mumewe? Hata yeye hakujua. Alijua tu kwamba kaka yake anangoja. Akainama, akanong'ona.

"Kula, mume wangu. Kula akuone."

Amour akala. Tonge baada ya tonge, akala mpaka akamaliza. Thuwaini akaaga, akaenda zake.

Alasiri redio ikatangaza kwamba mwezi ulionekana jana Matemwe, na watu wanne. Waliokula wajizuie hadi magharibi, na siku hiyo wailipe. Sheikh Muhiddin, haya zimemjaa, akaja kubisha hodi, nusu ya mtaa nyuma yake. Akataka radhi mbele ya wote, akasema mtaa mzima umeikosa siku, aliyeipata ni mmoja tu.

Amour angeweza kunyamaza. Lakini kusema uongo juu ya saumu hakuweza.

"Nimekula, Sheikh."

Sheikh akatikisa kichwa kwa huruma.

"Lahaula. Kumbe hata mwenyewe hukuyaamini macho yako."

Wakatawanyika wakisikitika. Wote walikula bila kujua. Yeye peke yake alikula anajua. Jokha alikuwa nyuma ya mlango, kanga mdomoni, na hakutoka.