Viatu vya Ukoo

Mama Soli, kama wateja walivyomwita kwa soli alizoshona, hakuwa fundi wa kurudishiwa kiatu. Ukithubutu kurudi kibandani kwake kulalamika, utaambiwa mguu wako ndio wenye kasoro, na usipoangalia utatimuliwa na nyundo mkononi.

Kwa watu wa kwao, hata hivyo, alikuwa na ushonaji wa peke yake. Yeye mwenyewe, baba yake na kaka zake walikuwa na vinundu vigumu nyuma ya visigino, na viatu vya dukani viliwachubua. Basi akawashonea vyenye mfuko laini kwa nyuma. Na vinundu vyenyewe walivyojivunia, jamani, utadhani ni cheo! Siku kijana mmoja mgeni mwenye vinundu kama hivyo alipoingia kuulizia viatu, Mama Soli alimcheka: "Wewe ni ndugu yangu uliyepotea, nini?" Hawakuwa ndugu hata chembe. Wakaoana.

"Sisi tulipendana kwa visigino," alizoea kusema, hata baada ya moyo wa mumewe kusimama ghafla angali kijana.

Walijaliwa binti mmoja, wakamwita Chiriku kwa jinsi alivyokuwa na maneno. Alipoota vinundu angali shuleni, wajomba walipiga makofi. "Damu yetu hiyo!" Mama Soli akacheka nao, akachukua kipimo cha mguu. Ila Chiriku alipoanza kushika kifua kila akipanda ngazi, kicheko kilikatika, wakaenda hospitali.

Daktari alivibonyeza vile vinundu. "Haya ni mafuta, mama. Yamejaa kwenye damu mpaka yanatuama hapa. Kwenye mishipa ya moyo pia yapo."

Mama Soli na wajomba nao wakapimwa, wakapewa vidonge, vikawakubali. Chiriku vilimgomea. Daktari akaeleza kwamba ini lina milango ya kuvutia mafuta kutoka kwenye damu, na kazi ya vidonge ni kulihimiza lifungue mingine. "Wewe na wajomba mmerithi ubovu upande mmoja, milango mizima bado mnayo. Huyu amerithi kwa baba na kwa mama. Hana wa kufungua."

Mama Soli akamgeukia daktari. "Kwa hiyo tumemuua kwa kupendana?"

"Nani kafa?" Chiriku akadakia. "Mimi niko hapa, semeni na mimi!"

Ilikuwepo tiba iliyokuwa ikijaribiwa: dripu moja tu, ya kulipelekea ini maagizo mazima ya kutengeneza milango. Huenda ikakubali, huenda ikakataa, daktari hakuficha. Chiriku alisema ndiyo kabla mama yake hajapata la kusema.

Mama Soli alirudi kibandani, akamshonea binti viatu vipya, mfuko wa nyuma mpana kuliko wote aliowahi kushona, vikamkaa sawasawa. Hakujua kusubiri kwa namna nyingine. Miezi ikapita. Daktari akasema mafuta yanashuka. Mama Soli akaitikia tu. Roho yake ilikuwa bado juu juu.

Asubuhi moja Chiriku akasimama mlangoni, kiatu mkononi. "Mama, umeharibu. Vinapwaya nyuma."

"Nimeharibu? Mguu wako ndio wenye..."

Akapiga magoti, akamvisha kile kiatu, akapenyeza kidole kati ya kisigino na ngozi ya kiatu. Kikapita. Akaongeza cha pili, nacho kikapita.

"Lete," alisema, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni. "Lete vyote viwili, mwanangu, nivipunguze."