Sanduku la Wangoi

"Anko Kihara, nani alikuambia urudi nyumbani?"

Nilimuuliza nikiwa na miaka minane, nimekaa juu ya debe katika karakana yake, mtaa wa Laini Saba. Aliendelea kugonga bati kana kwamba hajasikia.

Kisa chenyewe nilikijua kwa mama, Wangoi, dada yake mdogo. Mwaka wa 1964 Anko alianguka mtihani wa darasa la saba mara ya pili. Babu Githinji, ambaye wakati huo alikuwa akijenga vyumba vya kupangisha Kawangware, akasema lazima arudie.

"Baba, mwakani Wangoi anaingia la saba. Nikae dawati moja na yeye?"

"Kaa naye. Labda atakuambukiza akili."

Watoto wa wapangaji waliangua kicheko. Asubuhi shule ilipofunguliwa, sare yake ilikutwa kitandani, imekunjwa vizuri. Mwenyewe hayuko.

Mama anasema mwaka mzima hakuna aliyethubutu kumtaja mbele ya babu. Kumbe Anko alikuwa karibu tu, ng'ambo ya Ngong Road, kwa Mzee Nashon, fundi wa masanduku ya bati. Yale masanduku ya shule za bweni! Yeye aliyetoroka shule! Nashon alikata na kukunja bati, Anko akapaka rangi na kuandika majina ya wanafunzi, kwa mwandiko ambao hakuna mwalimu aliyewahi kuusifu.

Januari ya 1966 mama alipata nafasi ya kidato cha kwanza. Babu akaenda naye kununua sanduku, wakaelekezwa kwa Nashon. Aliyeinua kichwa, brashi mkononi, alikuwa Kihara.

Mama alitaka kumrukia amkumbatie. Babu akamshika bega. Hakusalimu. Alifungua kifuniko, akakifunga, akapitisha kidole kwenye kila kona.

"Fundi, hili halivuji?"

"Halivuji, mzee."

Mzee! Babake mzazi, kama mteja yeyote.

"Andika Wangoi Githinji."

"Wangoi" aliiandika mbio. "Githinji" ilimchukua muda.

"Huyu kijana ana mkono," Nashon akasema akitabasamu. "Sijui ni wa nani."

Babu alikohoa. "Basi anibebee mpaka nyumbani. Mteja wa mbali hubebewa."

Jioni hiyo Anko alikula chakula cha mama yake, akalala kwao. Kesho yake akarudi kwa Nashon, na tangu hapo akawa anatoka asubuhi na kurudi jioni kama mtu yeyote wa kazi. Habari ya shule haikutajwa tena.

Mwezi uliopita tulimzika babu. Sasa niko kidato cha pili, nikamuuliza Anko swali lile lile. Safari hii aliweka nyundo chini.

"Babu yako alikuja na baiskeli siku ile. Keria yake ya nyuma ilikuwa inabeba hata gunia la saruji. Lakini aliisukuma tupu mpaka Kawangware, pole pole, mimi kando yake na sanduku kichwani. Hapo nikajua nimeambiwa nirudi."