Kidrili cha Kuchaji na Kibuyu cha Mama Mkwe

Siku hiyo, mwanangu, mpaka leo naikumbuka kwa pua. Harufu ya kibuyu cha maziwa kinachoungua, moshi wa zamani uliolala ndani yake ukitoka upya, na mkononi mwangu kidrili kidogo kinalia huku nikikikandamiza kwa nguvu zangu zote. Sikujua kwamba baada ya dakika chache ningetamani ardhi ipasuke inimeze.

Lakini nisikimbilie huko. Umenionyesha kwenye simu picha za mashine tatu, zote za bei nafuu, zote za kuchaji, ukaniuliza ununue ipi kwa ajili ya kuchonga hereni zako za vibuyu ukitoka kazini. Nitakujibu. Ila kaa kwanza, chukua chai, maana kwa jambo hili mimi nililia.

Nilikuwa na miaka hamsini na mitano. Usicheke. Najua ulitegemea mambo ya usichana wangu, lakini mashine hizi hazikuwapo nilipokuwa msichana, na kwenye jambo hili nilikuwa mchanga kuliko wewe. Nilikuwa nimestaafu unesi kwa hiari, nikakaa nyumbani kwetu Nyegina na mume wangu, mikono haina kazi. Nikakumbuka kwamba nilipokuwa mdogo, huko kwetu pwani ya ziwa, bibi yangu alinifundisha kuchora vibuyu kwa ncha ya kisu. Nikaanza tena. Nilichora sato, nikachora kambare mwenye sharubu zake, nikachora mitumbwi. Tatizo ni kidole gumba. Kila kibuyu kimoja kilinichukua wiki nzima, na usiku kiungo kilikuwa kinauma mpaka nashindwa kufunga kanga.

Ndipo siku moja nikiwa Bunda nikamkuta binti mmoja kwenye duka la vifaa vya simu. Alikuwa anaandika majina ya watu kwenye makava ya simu kwa mashine ndogo, unene wa gunzi la mhindi, haina waya wala kelele ya kutisha. Nilisimama pale nikasahau kilichonipeleka mjini. Mkono wake ulitembea kana kwamba anaandika barua kwa kalamu ya kawaida, na herufi zilitoka zimenyooka, safi. Nilimwambia ukweli, kwamba katika maisha yangu nimeona mikono mizuri michache, na wake ni mmojawapo.

Alikuwa nazo za kuuza, bei yake haizidi kuku wawili. Akanieleza kwa upole kwamba hizi za bei ya chini hazifanani hata zikitoka kwenye katoni moja, hivyo niwashe mbili tatu, nizisikilize, nitazame kama biti, ile ncha ya kutobolea, inazunguka imetulia au inacheza, ndipo nichague. Mimi nilikuwa nawahi gari la Musoma. Nikamwambia: "Mwanangu, nimeshika sindano miaka thelathini. Hiki ndicho kitanishinda?" Akatabasamu, akanifungia ya juu kabisa kwenye rundo. Heshima yake ndiyo iliyomnyamazisha, na majivuno yangu ndiyo yaliyobeba ule mfuko mpaka nyumbani.

Nilipofungua boksi nikaona vibiti arobaini vimepangwa vizuri, vya kutoboa, vya kusaga, vya kupolishi, nikafurahi kama nimepewa zawadi ya harusi. Nusu yake vilikuwa takataka. Vingine vilipinda siku ya kwanza. Na biti ilipozunguka, ilikuwa inacheza kidogo pembeni. Nililiona hilo, nikalipuuza.

Lakini sitaki uidharau ile mashine, maana mimi niliipenda na bado naipenda. Kazi ya wiki nikaifanya kwa asubuhi moja. Magamba ya samaki, ambayo kwa kisu nilikuwa naruka ruka, sasa niliweza kuyachora moja moja. Kidole gumba kikapumzika. Majirani wakaja kutazama, wakaagiza vibuyu vya kuweka sebuleni, na mmoja akaniita fundi. Nilipenda sana kuitwa fundi. Hapo ndipo kichwa kilipovimba.

Sasa nikueleze kuhusu mama mkwe wangu. Aliishi Butiama, mjane, mrefu, mwembamba, mtu wa maneno machache, na mtu wa ng'ombe. Mimi ni mtoto wa wavuvi. Nilipoolewa pale, ndugu zake walimuuliza huyu wa samaki atajua wapi mambo ya maziwa. Yeye hakuwajibu, ila pia hakuwahi kuniachia kibuyu chake. Miaka yote ile nilipokwenda kumsalimia, nilifua, nilipika, nilichota maji, lakini kibuyu aliosha mwenyewe. Sikulalamika. Niliumia tu.

Kibuyu hicho alipewa na bibi yake alipoolewa, naye siku moja angempa mjukuu wake wa kwanza wa kike anayeolewa. Ndivyo wanavyofanya kwenye ukoo ule. Mjukuu huyo alikuwa binti yangu, Mugesi. Wiki mbili kabla ya harusi, mama mkwe akakituma Nyegina kimefungwa kwenye kitenge, na ujumbe wa mdomo kwamba mimi, mke wa mwanawe, nikisafishe na kukifunga mkanda mpya wa shanga. Basi. Hakusema kingine.

Unaelewa, mwanangu? Kwa mara ya kwanza alikuwa ameniachia. Nilikishika kile kibuyu, cheusi, laini, kinanukia moshi na maziwa, nikasema moyoni kwamba mkanda wa shanga hautoshi. Nitaandika jina la Mugesi tumboni mwake. Nitamwonyesha bibi huyu kwamba mtoto wa wavuvi ni fundi.

Herufi mbili za kwanza zilitoka vizuri ajabu. Ya tatu betri ikaanza kuchoka. Mashine ikapunguza mwendo, nami badala ya kuiweka chini ikachajiwe, nikakandamiza. Ikapunguza zaidi, nikakandamiza zaidi. Biti ikacheza, ikaruka, ikazama. Nikasikia mlio mdogo tu, wa kitu kikavu kinachopasuka. Tundu, na kutoka kwenye tundu ufa wa urefu wa kidole.

Nilikaa pale nikikitazama. Baadaye jirani akanishauri nizibe kwa gundi, nipake masizi na mafuta, hakuna atakayejua. Nakiri kwako kwamba niliitafuta hiyo gundi, na nikaishika. Lakini kwa miaka yote kazini nilikuwa nawaambia manesi wadogo, ukikosea dawa sema wewe kabla mwili wa mgonjwa haujasema. Na kibuyu kile kingesema siku Mugesi anakimiminia maziwa mbele ya wakwe zake. Asubuhi nikapanda gari kwenda Butiama, kibuyu kwenye kitenge, mashine na chaja kwenye mkoba. Mashine niliibeba ya nini sijui. Labda nilitaka kumwonyesha mkosaji mwenzangu.

Nilimsalimia nikiwa nimepiga magoti, nikafungua kitenge, nikasema yote bila kupamba. Mama mkwe akakichukua kibuyu. Hakufoka. Alipitisha kidole kwenye ufa, kisha akakigonga kwa ukucha, juu, katikati, chini, ameinamisha sikio. Akaniuliza, "Uligonga kwanza?"

Nikasema hapana, Mama.

"Wewe si ulikuwaga nesi? Mgonjwa akija, ulikuwaga unamdunga sindano bila hata kumshika?"

Ningechapwa fimbo ingeniuma kidogo kuliko hilo. Kisha akanieleza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kitu ambacho kila mtoto wa nyumba ile alikijua isipokuwa mimi. Kibuyu cha maji cha kwetu ziwani kinaoshwa tu, ukuta wake unabaki mnene maisha yote. Kibuyu cha maziwa kinasuguliwa ndani kwa kijinga cha moto, siku baada ya siku, miaka na miaka. Kwa nje kinaonekana kimeshiba, kumbe kwa ndani kinaliwa. Tumbo la kile kibuyu lilikuwa limebaki jembamba kama ganda la yai. Akanigongesha nisikie mwenyewe. Shingoni sauti nzito, tumboni sauti tupu. Ningegonga mara moja tu Nyegina, ningejua.

Nikamwambia nimekiua. Akasema ufa unashonwa, mama yake alishona vingi kwa uzi wa kano la ng'ombe. Shida ni matundu ya kupitishia uzi. Msumari wa moto unaunguza, na shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, likisukumwa kwenye ganda kavu namna hii linapasua zaidi, na mikono yake siku hizi haina nguvu. Halafu akanyoosha kidole kwenye mkoba wangu na kusema niitoe hiyo mashine aione.

Niliiwasha mbele yake, imechajiwa vizuri sasa. Aliisogeza sikioni kama alivyofanya na kibuyu. Aliniambia ina kasoro kichwani, inacheza. Mtu ambaye hajawahi kushika mashine hata ya kusaga nyama, mwanangu, alilisikia ndani ya pumzi moja jambo nililolipuuza miezi mitatu. Akataka nibadilishe biti. Nikajaribu moja baada ya nyingine kwenye kipande cha kibuyu kilichovunjika, tukasikiliza wote wawili, mpaka tukapata moja nyembamba, fupi, iliyozunguka imetulia kabisa.

Halafu akafanya kitu ambacho sijakisahau. Mkono wake ulikuwa mwembamba, ukapita mdomoni mwa kibuyu mpaka kwenye kifundo cha mkono. Akaweka ncha ya kidole chake kwa ndani, pale pale nilipotakiwa kutoboa kwa nje, na kuniambia nianze.

Nikamwambia, "Mama, nitakuumiza."

"Nitakuambia joto likifika. Wewe usisukume. Iache itafune yenyewe."

Niliweka mwendo wa chini kabisa. Niliishika mashine kwa vidole viwili, nikaigusisha tu, nikaiondoa, nikaigusisha tena. Yeye alikuwa amefumba macho. Alipolisikia joto alisema "basi", nami nikaondoa pale pale, na kile kigamba kilichobaki akakitoboa mwenyewe kwa sindano. Tundu la kwanza lilikuwa dogo, la mviringo, bila ufa hata wa unywele. Tulitoboa hivyo hivyo pande zote za ufa, tundu moja moja, na hakutoka hata tone la damu. Sikuwahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu yeye mchana ule.

Akashona mwenyewe, mishono iliyopishana vizuri kuliko mingi niliyoiona wodini, akapaka nta ya nyuki. Tukakijaza maji, tukakiweka juu ya mkeka. Tukanywa uji wetu polepole. Mkeka ulibaki mkavu.

Nilipoaga, aliniomba mashine ibaki kwake siku chache. Iliporudi Nyegina ilikuwa na habari zake. Alikuwa amewaita majirani wenye vibuyu vilivyopasuka, kijana mmoja mtulivu akishika mashine naye akiweka kidole ndani. Vitano vilipona. Bibi wa miaka karibu themanini, mwanangu, na tayari alikuwa anawaeleza watu kwamba betri isisubiriwe izime ndipo ichajiwe.

Siku ya harusi alikitoa kibuyu mbele ya watu wote, na upande wenye mishono akaugeuzia watu. Mimi niliinamisha uso. Akawaambia: "Hapa alitoboa binti yangu, mtoto wa wavuvi. Hakivuji." Nililia pale pale mbele ya wakwe, sikujali.

Basi jibu la swali lako ni hili. Nunua ya bei nafuu, usione aibu, kwa kazi zetu ndogo inatosha na inabaki. Lakini usinunue picha. Nenda dukani, omba iwashwe, isikilize, tazama biti kama imetulia, na usihesabu biti ngapi ziko kwenye boksi maana nzuri tatu zinakutosha. Vaa miwani na ufunge pua, vumbi la kibuyu si mchezo kwenye mapafu. Mashine ikichoka nawe pumzika, usiilipie uchovu wake kwa nguvu za mkono wako. Anza na vipande vilivyovunjika. Na kabla hujagusa kitu cha mtu, hasa kitu alichokuamini nacho, kigonge kwanza, ukisikilize, umuulize mwenyewe kimepitia nini. Ukikiharibu, mpelekee wewe mwenyewe, siku hiyo hiyo, na mashine yako mkobani.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu. Aipe wepesi pale inapotaka kusukuma. Na akujalie, katika kazi yoyote utakayoifanya, upate mtu anayeweza kuweka kidole chake upande wa pili, afumbe macho, akuambie anza.