Faili Alizozifunga Oyugi

Oyugi alikuwa na sheria moja tangu afungue duka lake la kuandika na kuchapisha vijitabu vya mazishi, vyenye maisha ya marehemu, karibu na hospitali, mjini Kisumu: mteja anapewa kijitabu, hapewi faili. Kazi zake zote alizihifadhi kwa programu ambayo mafundi wengine wa mtaa hawakuwa nayo. Familia ikitaka nakala za ukumbusho, itarudi kwake tu, ipende isipende. Alijiona mjanja, na kwa miaka mingi alikuwa mjanja kweli.

Kisha kampuni yenye programu hiyo ikafungwa, kompyuta yake kuukuu ikakata roho, na mpya ikakataa katakata kufungua hata faili moja. Oyugi hakusumbuka. Wateja wake wakuu hawakuwa watu wa kulalamika.

Aliyemjia ni Awuor, msichana wa Ahero. Marehemu mama yake, Perez Aloo, hakuwaamini mashemeji wasimulie maisha yake. Alimwita Oyugi wodini, akamsimulia mwenyewe, na mwishoni akamwachia binti yake maneno machache. Awuor alikuwa bado hajui kusoma. Shangazi alimtunzia kijitabu mpaka akue, lakini mafuriko yakakisomba pamoja na nakala walizokuwa nazo majirani.

"Kwani faili yake haiko kwa kompyuta?" aliuliza Awuor.

"Iko. Kufunguka ndio haitaki."

"Jaribu tu, Baba. Nimetoka mbali."

Oyugi akailazimisha ifunguke kama maandishi matupu. Kioo kikajaa takataka: miraba, alama za kuuliza, herufi zilizopandana. Katikati yake maneno yakaanza kuchungulia. Nilizaliwa. Shamba la mchele. Mashemeji wasiongeze chumvi. Awuor akacheka, akavuta kiti karibu. Chini kabisa akaliona jina lake.

"Awuor mwanangu, ukikua usije uka"

Baada ya hapo ilikuwa miraba mitupu.

"Nisije nikafanya nini?"

Oyugi akashusha ukurasa, akaupandisha tena. Aibu ilimshika, na haikuwa kawaida yake.

"Si alikuambia wewe, Baba? Wewe ndio ulikuwa unaandika."

Tangu siku ile ya wodini alikuwa ameandika maisha ya marehemu wengi mno. Alijaribu kuisikia sauti ya yule mama, akakosa. Awuor alikuwa bado anamtazama, akingoja.

"Nakumbuka alikuwa anakunywa uji," alisema Oyugi.