Nusu Kichwa, Nusu Tangi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Alhamisi. Gari dogo la rangi ya fedha limeegeshwa ubavuni mwa nyumba ya vyumba viwili. Ufunguo umeshazungushwa mara tano. Stata inalia, injini haishiki.

Nyuma ya usukani ameketi msusi wa miaka ishirini na minne. Wateja wake humwita Chanuo, na jina hilo limemganda hata mama yake analitumia. Anazungusha ufunguo nusu, bila kuwasha, kisha anageuza sikio kuelekea kiti cha nyuma. Siku nyingine zote, chini ya kiti hicho husikika mvumo mfupi, kama wa nyuki ndani ya kopo. Leo kimya.

Mama yake, mpishi wa shule, anatoka na kikombe cha chai.

"Umeliombea?"

"Mama, gari haliombewi. Linatengenezwa."

"Haya, shuka ulisukume tuione hiyo elimu."

Mama anamaliza chai kwa mikupuo miwili, anafunga kanga kiunoni, na wote wawili wanalisukuma mpaka gereji iliyo mitaa miwili mbele. Chanuo anatazama saa kila wanapopumzika.

Ana sababu. Upande wa pili wa mji amelala mwanamke wa miaka sabini na mmoja aliyesukwa nusu ya kichwa. Nusu ya kushoto ilimalizika jana jioni. Ya kulia imefumuliwa na kuachwa. Keshokutwa, Jumamosi saa mbili asubuhi, mwanamke huyo anaingia chumba cha upasuaji.

Chanuo husuka wagonjwa. Huwafuata majumbani na wodini, wanawake wasioweza kuketi kwenye kiti cha saluni, na huwasuka wakiwa wamelala. Kazi hiyo ina utaratibu wake. Mgonjwa hulazwa ubavu, mito mitatu mgongoni, na husukwa upande ulio juu. Wengi huvumilia saa mbili, si zaidi. Upande wa pili husubiri kesho yake. Kwa hiyo karibu kila kichwa anachokianza humlazimu kurudi.

Alianza kwa mama yake. Miaka mitatu iliyopita mama huyo alifanyiwa upasuaji wa tumbo na kulala chali wiki tano. Nywele zilishikana mpaka chanuo halikupita. Wodi ilikuwa na wauguzi wawili kwa vitanda thelathini. Siku ya kumtoa nyuzi walimnyoa, wakamwomba radhi.

"Kidonda hakikumliza. Nywele ndizo zilizomliza," anasema Chanuo. "Kila siku anaomba kioo, nami namwambia kimepotea. Nyumba ya vyumba viwili, kioo kimepotea wiki nzima! Siku ya nane akaniambia, mwanangu, kitoe tu huko chini ya godoro, unakilalia utakivunja."

Mwaka uliofuata aliacha kiti chake saluni. Kwanza alipanda mabasi. Kisha, miezi kumi na mmoja iliyopita, akanunua gari hili, la kwanza katika ukoo wao. Nusu ya bei ilitoka kwenye kibubu cha mama.

Hesabu zake zote hupimwa kwa vichwa. Kichwa kimoja ni malipo ya kumsuka mgonjwa mmoja mpaka mwisho, na gari lenyewe lilikuwa vichwa mia na ishirini. Kwa mwezi petroli hula vichwa tisa. Bima ni vinne, zaidi ya anavyotozwa dereva mzoefu, kwa kuwa leseni yake haijatimiza miaka miwili. Maegesho ya hospitali peke yake ni viwili.

"Hicho ndicho kinaniuma," anasema. "Petroli naiona ikitembea. Maegesho nalipa gari lilale."

Oili na chujio lake humaliza viwili vingine, tairi na pancha viwili, na kimoja huishia kwenye kuosha gari na vitu vidogo visivyokumbukwa. Jumla ni vichwa ishirini. Kwa gari husuka thelathini na vinane kwa mwezi, vikabaki kumi na vinane mkononi. Enzi za basi alisuka ishirini na viwili, nauli ikala vitano, akabaki na kumi na saba.

Faida ya gari, basi, ni kichwa kimoja kwa mwezi. Tofauti ya waliosukwa ni vichwa kumi na sita.

Gerejini, fundi anainua kiti cha nyuma, anafungua mfuniko mdogo na kutoa pampu ya mafuta. Anainusa, anampa Chanuo naye ainuse.

"Imeungua."

"Imeungua vipi, na iko ndani ya petroli?"

"Ndiyo shida, dada. Haiko ndani ya petroli. Petroli ndiyo inayoipoza. Wewe unaweka kiasi gani?"

Chanuo hulipwa akimaliza kusuka, na kila akilipwa hupitia kituo cha mafuta na kuongeza kidogo, kiasi cha kumfikisha kwa mteja anayefuata. Kwa miezi kumi na mmoja mshale haujawahi kuvuka robo.

"Kidogo kidogo," anasema.

"Unalinywesha gari kwa kijiko kama mtoto mwenye homa." Fundi anachungulia dashibodi. Pembeni ya mshale wa mafuta kumebandikwa kipande cha plasta ya kidonda. "Na hapa? Lilijikata?"

"Ni ile taa ya njano. Ilikuwa inanikodolea macho kutwa."

"Ukaona uizibe jicho!"

Fundi anacheka mpaka anashika nguzo. Mama hacheki. Anauliza bei. Pampu na ufundi ni vichwa tisa, faida ya miezi tisa.

Hapo fundi anapangusa mikono na kusema jambo jingine. Yuko tayari kulinunua gari lilivyo, vichwa hamsini, fedha mkononi. Anampa mpaka kesho jioni.

"Sikulazimishi, dada. Lakini gari la mtumba huanza na pampu. Baadaye utaniletea shokapu, utaniletea rejeta. Wewe na mimi tutazoeana mpaka shemeji aone wivu."

Mama anasema uamuzi si wake. Anasema vilevile kwamba za kibubu alikwisha kuzisahau, kisha anaondoka kuwahi jikoni shuleni. Chanuo anatoa garini mkoba wa kazi, taulo na mto mmoja, kwa kuwa mitatu haibebeki, na kuelekea kituo cha basi.

Alikuwa na wateja wengine wawili siku hiyo. Anawapigia kuahirisha. Mmoja anasema hapana neno. Simu ya wa pili inapokelewa na binti yake, anayesikiliza mpaka mwisho na kukata.

Mabasi mawili na mwendo wa miguu vinamfikisha saa nane mchana.

Mwenye nyumba, yule wa nusu kichwa, anajulikana mtaani kama Bi. Simu. Alifanya kazi ya kuunganisha simu kwa miaka ishirini na tisa, enzi ambazo sauti ya mtu ilipita kwanza mikononi mwa mtu mwingine. Nyonga yake ya kushoto imesagika. Kitanda chake kimesogezwa dirishani. Chini yake kuna ndoo ya bluu, na pembeni godoro la mwanawe, mlinzi wa zamu za usiku, limekunjwa na kufungwa kamba.

"Nani kwenye laini?"

"Mimi, bibi."

"Nilidhani umenikatia. Nimeitisha kioo asubuhi nijione. Kushoto bibi harusi, kulia kichaa. Nikasema, mtoto huyu anataka nife nusu mrembo."

"Hufi, bibi."

"Hiyo si idara yako. Idara yako ni nywele."

Upande wa kulia ndio mgumu, kwa kuwa unamtaka alalie nyonga mbovu. Mwanawe anashika mabega, Chanuo anashika magoti, wanamgeuza kwa pumzi moja. Mto uliokuja na basi unawekwa chini ya nyonga. Mgongoni panajazwa kwa blanketi lililokunjwa. Wana makubaliano: maumivu yakizidi, Bi. Simu huinua kidole kimoja, na maana yake ni kwamba msusi asubiri kwenye laini. Kidole kikishuka, kazi inaendelea.

Katika nusu saa ya kwanza kidole kinainuka mara tatu.

Katikati ya mistari, ili kumsahaulisha, Chanuo anamsimulia habari za pampu, plasta na vichwa hamsini vya fundi. Anamwambia ameelekea kukubali. Atarudi kwenye mabasi, na baadhi ya wateja, wale wa mbali, itabidi awaage.

"Mimi niko mbali?" anauliza Bi. Simu.

Chanuo anachukua muda kutafuta mkasi ulio mapajani mwake.

"Uko mbali, bibi."

Msusi anamaliza mistari miwili.

"Wanakulipa lini, hao wateja wako?"

"Nikimaliza kusuka."

"Wote?"

"Wote."

"Basi huna akili." Anasema kwa upole, kama anayemjulisha mtu kwamba kifungo kimefunguka. "Sisi, mwenye simu alilipa mwanzo wa mwezi, aongee asiongee. Hakulipia maneno peke yake. Alilipia waya umfikie. Wewe waya unawapelekea bure, halafu petroli unanunua kwa kikombe."

"Bibi, wale ni wagonjwa. Nitamwambiaje mtu anilipe mwezi mzima, na wakati..."

Mwana wa Bi. Simu anainama na kuanza kufungua kamba ya godoro lake, kisha anaifunga tena.

"Na wakati pengine mwezi hataumaliza," anamalizia Bi. Simu. "Ndivyo utakavyomwambia. Ukiona aibu, mwambie ni mimi niliyekutuma."

Kidole kinainuka. Wote wanasubiri. Kinakaa juu muda mrefu kuliko mara zote, na kinaposhuka anamwita mwanawe amletee pochi iliyo chini ya redio. Anahesabu mwenyewe, ubavu vilevile, noti moja moja juu ya shuka: malipo ya kichwa cha leo, kisha vichwa viwili vya mwezi unaoanza.

"Bibi, ungesubiri kwanza Jumamosi ipite."

"Nikisubiri Jumamosi, huo utakuwa mkopo. Cha kwanza Jumatano, wiki mbili baada ya jana. Nimeshalipa, kwa hiyo lazima niwepo. Unanijua, mimi si mtu wa kupoteza hela."

Nusu ya kulia inakamilika saa kumi na nusu. Bi. Simu anaomba kioo, anageuza uso kushoto, anageuza kulia. Kisha anaomba alazwe chali, kwa kuwa hawezi tena.

Ijumaa asubuhi Chanuo alipigia simu familia kumi na moja. Tano zilikubali kulipa mwezi mbele, na kabla ya saa sita zilikuwa zimetuma. Nne ziliomba muda. Moja ilitaka punguzo. Mume wa mgonjwa mmoja alimjibu, "Sisi tunaona siku kwa siku, dada yangu." Chanuo alimwambia anaelewa, na kwamba atakwenda vilevile.

Pamoja na vya Bi. Simu, alikuwa na vichwa kumi na viwili vya malipo ya mbele mkononi. Alimpelekea fundi vitatu. Sita vya pampu vilivyobaki watamaliziana kwa miezi miwili.

"Yaani huuzi?" aliuliza fundi. "Nami nilishalipiga picha nikamwonyesha mke wangu."

"Futa picha, shemeji."

"Nafuta. Lakini sikiliza. Usishuke chini ya nusu. Nusu ndiyo sifuri yako."

Pampu mpya ilifungwa kwa dakika arobaini. Katika kituo cha mafuta, mhudumu anayemjua alikwisha kushika bomba.

"Ya siku zote?"

"Nusu tangi."

Mhudumu alimwangalia, akaangalia gari. "Leo umeokota?"

"Nimelipwa waya."

Hakuelewa, akajaza. Ilikula vichwa vitatu. Mshale ulipotulia katikati, Chanuo aliweka ukucha chini ya plasta na kuibandua. Taa iliyokuwa chini yake haikuwa imewaka.

Mpango wake, anasema, ni kufikisha wateja kumi na watano wanaolipa kabla, ili bima ya mwaka ujao ailipe kwa mkupuo mmoja. Baada ya hapo angependa kumfundisha msusi mwingine mmoja. Wodi ya wanawake katika hospitali atakakopasuliwa Bi. Simu, anasema, ina vichwa asivyoweza kuvimaliza peke yake.

Jumamosi alikuwa katika wodi hiyo tangu saa tatu asubuhi. Alisuka nusu ya kichwa cha mwalimu wa chekechea na nusu ya kichwa cha muuza duka. Chumba cha upasuaji kipo ghorofa moja juu. Alipanda ngazi mara mbili, na mara zote mbili aliukuta mlango umefungwa na mwana wa Bi. Simu amesimama akiwa bado na sare ya ulinzi.

Saa tisa alasiri alikuwa garini, kwenye maegesho ya kulipia, mkoba mapajani. Simu ikaita. Alikuwa mwana wa Bi. Simu.

"Ameamka," alisema.

Nyuma ya sauti ile ilisikika nyingine, ndogo, yenye kukwaruza, ikisema neno moja moja.

"Subiri kidogo," alisema mwana. Kisha akarudi. "Mama anauliza, ile Jumatano utafika saa ngapi?"

"Mwambie saa nne," alisema Chanuo.