Pongezi za Unene

Mwaka 1991 Swafiya, fundi cherehani wa Biryogo, Kigali, alinenepa ghafla. Majirani wakampongeza: "Ndoa imekukubali, dada!" Kumbe chakula hakikumpanda, na mchana wa jua kali alitetemeka ndani ya sweta, akisinzia juu ya cherehani.

Daktari alimpapasa shingo, akampima damu. "Tezi hii inatoa homoni chache mno. Mwili unachoma chakula polepole, kama makaa yaliyofunikwa majivu."

Swafiya akameza vidonge kila asubuhi. Baada ya miezi kadhaa akavua sweta, akayabana magauni yake mwenyewe yaliyokuwa yakimpwaya. Majirani wakaja na nyuso za msiba: "Pole, dada. Umepatwa na nini?"

Swafiya akagonga meza kwa mkasi. "Nilipougua mlinipongeza, nimepona mnanipa pole! Nipisheni, nina nguo za Idi za kushona."